Jumamosi Mbili za Mwali

Kuna kijana aliyeko mahabusu katika nchi ya mbali ambaye atarudi kwa mama yake, au atafungwa miaka mingi, kwa kutegemea ni Jumamosi ipi mwali alitolewa nje katika kijiji kimoja cha Kisarawe, upande wa Mzenga. Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta mara tatu kwa sababu inasikika kama mzaha. Lakini nimesimama mahakamani nikiitafsiri kwa sauti, na hakuna aliyecheka.

Kijana huyo anaitwa Rajabu. Majina yote humu nimeyabadilisha, na nchi yenyewe siitaji kwa kuwa kesi haijaisha. Inatosha kusema ni nchi iliyokaa chini ya wanajeshi muda mrefu, ikapiga kura yake ya kwanza iliyo huru hivi karibuni, na sasa inajaribu kuwashtaki wakubwa wa magenge waliostawi chini ya utawala ule. Genge moja lilikuwa likichukua vijana kutoka nchi nyingi kwa ahadi ya kazi za hoteli. Wakifika, wananyang'anywa pasipoti, wanafungiwa kwenye jengo la ghorofa na kulazimishwa kutapeli watu kwa simu usiku na mchana. Polisi wa serikali mpya walipovamia jengo hilo waliwakuta vijana wamekaa mbele ya kompyuta, wakawazoa wote. Rajabu alikuwa mmojawapo.

Mtu anayedaiwa kuwaajiri, anayejiita Sami, alikamatwa pia. Utetezi wake ni mfupi: Rajabu alikuja kwa hiari yake kama mshirika, na yeye Sami hakuwahi kumwona kabla ya hapo. Mama yake Rajabu anasema mtu huyo alikaa kwenye mkeka wake, akala pilau yake, na kuichukua pasipoti ya mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Mama akiaminika, Rajabu anahesabiwa kuwa mtu aliyeuzwa na anarudishwa nyumbani. Asipoaminika, anapanda kizimbani pamoja na waliomfungia.

Alipoulizwa Sami alikuja lini, mama alijibu, "Siku ya kumtoa mwali." Majirani walijibu hivyohivyo. Kibali cha ngoma hiyo ya kumtoa binti aliyekuwa ndani akifundwa, chenye muhuri wa ofisi ya mtendaji wa kijiji, kinataja Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane. Pasipoti ya Sami inaonyesha aliingia Tanzania Jumanne iliyofuata.

Kwa hiyo ama kijiji kizima kilikuwa kinasema uongo, au kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyefikiria kulieleza. Tulikwenda kulitafuta.

Kibaha, Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi ni mkalimani. Kabla ya hapo niliandika habari za mahakamani kwenye gazeti, na hadi leo siwezi kuingia chumba chochote bila kuhesabu milango. Nilitoka nyumbani Sofu na begi dogo, nikawasubiri wenzangu Maili Moja, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, huku mwenye duka akipanga ndoo za rangi kwenye kibaraza.

Wakili wa serikali, Mihayo, alikuja akiendesha gari mwenyewe. Ni Mnyamwezi wa Tabora, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya. Pembeni yake alikaa Ilma, mwendesha mashtaka aliyetumwa kutoka nchi ile. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, na faili lake alilipakata muda wote kama mtoto mgonjwa.

"Dada Tekla, umekunywa chai?" Mihayo aliniuliza. "Huko tunakokwenda kwa Wazaramo, utapewa ngoma kwanza, chakula kinafuata kesho."

"Kaka Mihayo, maneno hayo yasemee hukohuko wakiwa wamekuzunguka."

"Watanifanya nini? Watani zangu wale. Babu zao walibebeshwa mizigo na babu zangu."

"Nilidhani ni kinyume chake."

Ilma aliuliza tunacheka nini. Kumweleza utani wa makabila kulituchukua kutoka Maili Moja hadi Kongowe, na alipoelewa aliandika jambo kwenye daftari. Alikuwa akiandika kila kitu.

Saa moja na robo, tukiwa Visiga. Nilimwomba anieleze barua yake ilivyosafiri, kwa ajili yenu wasomaji, maana maneno "ushirikiano wa kisheria wa kimataifa" huwa yanapita masikioni bila kutua. Alisema ni barua tu. Nchi moja inaiandikia nyingine: tunaomba mtusikilizie shahidi huyu, kwa utaratibu wenu, mbele ya hakimu wenu, kisha mtupe maneno yake yakiwa yamefungwa na kupigwa muhuri. Barua hii ilitoka kwenye wizara yao, ikafika kwa serikali yetu, ikarudishwa kwa kukosa tafsiri ya kiapo, ikaja tena. Kesho yake saa tatu hakimu wa Kisarawe angemsikiliza mama wa Rajabu, na wakili wa Sami angemhoji kwa video.

"Zamani nchi yangu haikuandika barua kama hizi," Ilma alisema. "Na kama ingeandika, nani angejibu? Barua ya namna hii inajibiwa na mtu anayeamini kwamba hukuipika."

Mlandizi tuliiacha barabara kuu tukakata kushoto. Lami ikaisha. Tulivuka reli, tukaingia kwenye vumbi jekundu lililokuwa limepaka rangi majani ya mikorosho pande zote mbili. Baiskeli zilizopakia mkaa zilitupisha pembeni, na wenye baiskeli walitupungia bila kutabasamu, wakidhani sisi ni maafisa wa misitu. Mihogo ilikuwa imeanikwa juu ya mabati. Kabla ya Mzenga tulisimama kumpisha mwanamke aliyekuwa anavusha mbuzi watatu na televisheni kichwani, na Ilma akataka kujua inakwenda wapi. Kutengenezwa, mwanamke alisema. Alikuwa na kilomita nyingi mbele yake, na fundi, alivyosema, ana maringo.

Saa nne kasoro, nyumbani kwa Bi Mwanahawa, mama yake Rajabu. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya upande mmoja na bati kuukuu upande mwingine. Uani kulikuwa na mkeka ulioandaliwa. Bi Mwanahawa ana umri wa mama yangu mdogo. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwa Ilma.

"Huyu ndiye aliyemwona mwanangu?"

Nilitafsiri. Ilma alisema ndiyo, alimwona mwezi uliopita, mahabusu.

"Amekonda?"

"Amekonda. Lakini hana ugonjwa. Aliniuliza kama mikorosho imepaliliwa."

Bi Mwanahawa aliinama akanyoosha ukingo wa mkeka uliokuwa umenyooka tayari. "Mwambie imepaliliwa," alisema. "Mwambie mie mwenyewe ndiye niliyepalilia, maana najua atasema nimempa mtu akaharibu."

Kisha akasimulia, na nilitafsiri kwa vipande vifupi. Sami aliletwa na kijana wa mjini aliyekuwa anakusanya majina ya wanaotaka kazi hizo. Mama hakutaka mwanawe aende. Sami akaja mwenyewe kumbembeleza, akakuta ni siku ya mwali, binti wa dada yake Bi Mwanahawa, akakaribishwa kama mgeni yeyote. Kwenye lango la ua makungwi, yaani wanawake wanaomfunda mwali, walikuwa wanakusanya simu za watu wote kwenye beseni. Utaratibu huo waliuweka baada ya picha za mwali mmoja kusambaa mtandaoni.

"Akatoa simu moja. Kungwi akamtazama. Akatoa ya pili. Kungwi akamtazama tu. Akatoa ya tatu! Nikamwambia dada yangu, huyu ni mwenye hoteli au fundi simu?"

Ndiyo maana hakukuwa na picha hata moja ya siku ile. Nilimwona Ilma akiandika "tatu" na kuipigia mstari.

"Mama," Mihayo akasema taratibu, "kibali cha ngoma kinasema Jumamosi ya kwanza. Jumamosi hiyo yule mtu hakuwa hata kwenye ndege."

"Jumamosi ya kwanza ndiyo ilikuwa yenyewe."

"Kwa hiyo alikuja Jumamosi ya kwanza?"

"Hapana. Jumamosi ya kwanza tulizika."

Mihayo aliweka kalamu chini. "Mlizika nani, mama yangu?"

"Mzee Kibwana, jirani hapo." Alionyesha kwa kidevu paa la tatu. "Kafa Ijumaa jioni. Mpige ngoma na maiti iko ndani? Mwali akakaa ndani wiki moja zaidi, kanuna huyo! Wali wake wote ukaliwa matangani. Tukaja kumtoa Jumamosi ya pili, baada ya hitima."

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Waliniuliza alikuja lini. Nikasema siku ya mwali. Hakuna aliyeniuliza nani alikufa."

Nimeandika habari za mahakamani miaka mingi na sijasikia lawama ya haki kuliko hiyo. Kwa kijiji, siku ya mwali ilikuwa siku moja tu, ile waliyocheza. Kusogezwa kwake hakukuwa habari. Kufiwa kwa jirani kunasogeza kila kitu, na hakuna anayerudi ofisini kuandika kibali kingine huku wenzake wanachimba kaburi.

Saa tano na nusu, ofisi ya mtendaji. Bi Mwanahawa alikuja nasi. Mtendaji wa kijiji, Chande, ni mtu wa miaka arobaini hivi, mkarimu, mwenye meza safi kuliko zote nilizowahi kuona serikalini. Alitutafutia viti kwa majirani. Alikumbuka yote: msiba, kuahirishwa, tangazo la mdomo msikitini. Alifungua jalada la vibali, akatoa nakala ya kibali cha mwali, akaisoma, na uso wake ukabadilika. Alikuwa ameelewa karatasi ile inamfanya nini kijana aliyemjua tangu akisoma darasa la kwanza.

"Basi hili halitusumbui," alisema, akavuta droo. "Naandika kingine sasa hivi, tarehe ya Jumamosi ya pili. Ndiyo ukweli wenyewe. Muhuri si huu hapa?"

Akauweka muhuri juu ya meza, karibu na kidau cha wino.

Mihayo alifumba macho. Bi Mwanahawa alinishika mkono chini ya ukingo wa meza. "Mwanangu," alininong'oneza, "hilo si lazima afasiriwe."

Ilma alikuwa ananitazama mimi, si mtendaji. "Amesema nini?"

Kiapo cha mkalimani ni kutafsiri yote bila kuongeza wala kupunguza. Nimekiapa mara nyingi hata sikisikii tena. Pale nilikisikia. Ningeweza kusema, "Anasema anasikitika," na ingekuwa kweli. Nilihesabu milango ya chumba kile. Ulikuwa mmoja. Kisha nikamwambia Ilma alichosema mtendaji, chote, pamoja na habari ya muhuri.

Ilma hakukasirika. Alifunga daftari, akalilaza juu ya faili.

"Mwambieni ninamshukuru," alisema, "na mwambieni asiandike. Wakati wa utawala ule, kwetu karatasi hazikukosea kamwe. Kaka yangu alikufa kituo cha polisi siku ya Jumatatu. Cheti kinasema Ijumaa, nyumbani, usingizini. Kina mihuri miwili." Alinyamaza nimalize kutafsiri. "Nikipeleka karatasi iliyoandikwa leo ikajifanya ya mwaka ule, basi mimi na wale ni wamoja."

Chande alirudisha muhuri kwenye droo. "Dada, mimi sikutaka kughushi," aliniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye jaji. "Nilitaka karatasi ifanane na mambo yalivyokuwa."

Nilimwamini, na namwamini hadi leo.

Ilma akauliza kama kuna karatasi yoyote ya wakati uleule inayoonyesha kwamba mzee alikufa Ijumaa ile. Chande alijibu haraka, kwa furaha ya mtu aliyepewa nafasi ya pili: kibali cha mazishi. Alikiandika mwenyewe, na wafiwa wanacho.

Saa saba, nyumba ya tatu. Mjane wa Mzee Kibwana, Bi Zena, alikuwa anachambua mchele. Mihayo alipojitambulisha na kwao alikotoka, ungo ulishuka chini.

"Mnyamwezi!" alisema. "Ndiyo unakuja leo? Watani zangu walikuja siku ile, mmoja akalala kaburini akasema hatoki mpaka apewe kuku. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Tabora, bibi, natafuta sanda ndefu ya kukutosha wewe."

"Sanda! Kwa tumbo hilo tutakuzika wewe kwenye turubai."

Bi Mwanahawa alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, mkono mdomoni. Mihayo alikaa chini kwenye vumbi kama ilivyompasa mtani, akatoa pole yake iliyochelewa, na Bi Zena akaipokea kwa uzito wote, bila utani hata chembe. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga.

Ndani mlikuwa na kadi za kliniki za watoto waliokwisha kuwa baba, picha moja, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Kibali cha mazishi. Jina la marehemu, kufa Ijumaa, kuzikwa kesho yake Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, baada ya adhuhuri. Ilma aliuliza kama anaweza kuichukua kwa siku chache.

"Mwambie aipige picha," alisema Bi Zena. "Mzee mwenyewe nimekwisha kumtoa. Hii haitoki."

Tuliipiga picha juu ya ungo, na Mihayo akaandika hati ya kuthibitisha nakala, wanawake wawili wakashuhudia, mmoja kwa saini na mwingine kwa dole gumba. Nilifurahi. Nilidhani tumemaliza. Ilma peke yake ndiye aliyeendelea kuitazama ile karatasi, na baada ya muda akaniuliza kama muhuri ule ni uleule wa kwenye droo.

Ulikuwa muhuri wa Chande, na mwandiko ulikuwa wake.

Saa tisa alasiri, njia ya Maneromango. Bi Mwanahawa alipanda nasi kwenda Kisarawe, akiwa na mkoba na kanga ya kubadilisha. Alikaa nyuma pamoja nami. Tulilipita kanisa la zamani la Kilutheri la Maneromango, ambako mimi niliwahi kuimba sikukuu moja nikiwa shule.

"Ulimfasiria," alisema.

"Nilimfasiria, mama."

"Mwanao angekuwa kule, ungefasiri?"

Nikamwambia sijui. Alitikisa kichwa, akatoa karanga kwenye mkoba, akanimiminia kiganjani. Mbele, Ilma alikuwa anazungumza na Mihayo kwa sauti ya chini. Alikuwa anamwambia kwamba kwa sheria yao mpya ni lazima amwarifu wakili wa Sami juu ya lile la droo na muhuri, kabla ya kikao. Chochote mwendesha mashtaka anachojua kinachoweza kumsaidia mshtakiwa, anatakiwa kukitoa.

"Ukikitoa, kile kibali cha mazishi kinakufa," Mihayo alisema.

"Najua."

"Mtendaji hakuandika kitu. Alisema tu."

"Najua, Mihayo. Sheria hii mimi ni miongoni mwa waliokaa barabarani kuidai."

Alituma taarifa hiyo jioni kutoka nyumba ya wageni pale Kisarawe, mistari minne, nami niliisoma ili kuhakiki maneno ya mtendaji. Hapakuwa na neno la kupunguza.

Kisarawe, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mahakama ilikuwa na feni moja na skrini moja, na vyote viwili vilikubali kufanya kazi. Hakimu, mwanamke mtulivu, alisoma barua ya maombi, akamwapisha Bi Mwanahawa kwa Kurani, akaniapisha mimi. Kwenye skrini alitokea wakili wa Sami, mwanamume nadhifu wa mvi chache. Ilma aliniambia kwamba chini ya utawala ule alikuwa jaji.

Bi Mwanahawa alisimulia mkeka, pilau, pasipoti, beseni na simu tatu. Alisimulia msiba. Wakili alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza maswali machache.

"Mama, mtendaji wa kijiji chenu jana alijitolea kuandika kibali chenye tarehe nyingine. Ni kweli?"

Nilitafsiri swali. Alinitazama kwa muda, na nikajua anafikiria kwamba maneno yale yalifika kule kwa kupitia mdomo wangu.

"Kweli," alisema.

"Kwa hiyo mtendaji wenu anaweza kuandika tarehe yoyote mnayohitaji."

"Anaweza. Ana kalamu na muhuri."

"Na kibali cha mazishi ameandika huyohuyo."

"Huyohuyo. Hatuna mwingine."

Wakili alitabasamu, akawa anakusanya karatasi zake. Bi Mwanahawa akamwomba hakimu ruhusa ya kuongeza neno, akapewa.

"Mwambie huyo baba," alisema, "mtendaji anaweza kuandika tarehe anayotaka. Lakini Mzee Kibwana hakufa kwa karatasi. Alikufa tukamzika, na wali wa mwali tukaula matangani. Aje aulize watu tulikula nini Jumamosi ile. Hata watoto watamwambia."

Nilitafsiri yote. Wakili alisema hana swali zaidi.

Kabla hakimu hajafunga jalada, Ilma aliomba jambo moja liandikwe: kwamba mshtakiwa alikamatwa akiwa na simu tatu, na kwamba idadi hiyo haijawahi kutajwa nje ya chumba cha vielelezo. Wakili wa Sami akajibu papo hapo kwamba nchini mwao mfanyabiashara yeyote ana simu tatu. Hakimu aliandika yote mawili, akapiga muhuri wake, akatutakia safari njema.

Alhamisi, saa nane mchana. Bi Mwanahawa alikataa kurudishwa kwa gari. Alikuwa na ndugu pale Kisarawe, akasema atalala kwake na kuondoka Ijumaa baada ya sala. Tulipoagana alimshika Ilma mikono yote miwili, akasema maneno ambayo aliniomba nisiyatafsiri, na kwa kuwa hapakuwa mahakamani, sikuyatafsiri. Ilma hakuuliza.

Sisi tulishika njia ya Mpuyani, tukatokea Kiluvya, na kutoka hapo ni lami hadi nyumbani. Mihayo hakufanya utani hata mmoja. Nilishuka Maili Moja. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa anaingiza ndani ndoo zake za rangi.

Mtu akiniuliza nilijifunza nini, nasema hivi: nilikwenda nikidhani ushirikiano wa mataifa ni mihuri inayotazamana. Nilichokiona ni watu wasiojuana wanaolazimika kuaminiana kwa mambo madogo, kama beseni la simu, wali wa sherehe ulioliwa msibani, na mkalimani ambaye angeweza kunyamaza. Nisingependa kusema kwamba nilifanya vema. Nilifanya niliyoapa, na sijui kama Bi Mwanahawa ndiye atakayelipia kiapo changu.

Jaji wa kule ameupokea ushahidi, lakini hajaamua kama kibali cha mazishi kitahesabiwa. Upande wa utetezi unataka iletwe karatasi yenyewe, si picha, ili wino upimwe umri. Mihayo amempelekea Bi Zena ombi hilo mara mbili. Karatasi bado imo kwenye kopo la maziwa, Bi Zena bado anasema haitoki, na kila Ijumaa baada ya sala Bi Mwanahawa huingia nyumba ya tatu, hukaa naye kuchambua mchele, na hajamwomba karatasi hiyo.